Tuzo Imepotelea Wapi?



Mila ya kutuza haihitaji kufafanuliwa kwa mtu wa pwani. Mwimbaji akifika kwenye ubeti unaomgusa msikilizaji, mama huinuka kitini, huenda mbele kwa madaha, na noti huitia mkononi mwa mwimbaji huku ukumbi mzima ukishuhudia. Hapana karani baina yao, wala hapana daftari. Aliyeguswa ametoa, na aliyegusa amepokea.

Tumeikumbuka mila hii kwa sababu ya barua ya dada mmoja, mwalimu, mzaliwa wa Mji wa Kale Mombasa, ambaye kazi imempeleka Siongiroi, katika Chepalungu, Kaunti ya Bomet. Anaeleza kuwa binti wa jirani yake anaimba kwa Kikipsigis na hana kampuni wala meneja. Alikopa kwa mjomba wake, akarekodi wimbo, akauweka mtandaoni. Sasa unapigwa sokoni, unapigwa kwenye matatu ziendazo Bomet mjini, na wanafunzi wa dada yetu wanauimba wakifagia darasa. Binti mwenyewe bado anadaiwa na mjomba. Dada yetu anauliza: fedha zimekwenda wapi, na sisi tunaosikiliza tuna wajibu gani?

Kabla ya kujibu, tuweke wazi jambo moja. Tunajua kuwa katika nyumba zetu wapo wasiosikiliza ala za muziki kwa sababu za dini, na ukurasa huu hautoi fatwa. Lakini hata nyumba hizo husikiliza kaswida kwenye simu, na msoma kaswida aliyerekodi na kuweka kazi yake mtandaoni yumo katika chombo kile kile alimo binti wa Siongiroi. Suala letu leo ni ujira wa aliyefanya kazi.

Tuanze na fedha. Mama akinunua bando ili asikilize wimbo, huhisi moyoni kuwa amekwisha kulipa. Naam, amelipa, ila amemlipa mwenye mtandao wa simu. Bando ni nauli tu, na mwimbaji hakai kwenye gari hilo. Fedha ya mwimbaji, kama ipo, hutoka kwenye matangazo ya biashara yanayoingizwa kati ya nyimbo, au kwenye ada ya mwezi ya wale waliojiandikisha kulipa.

Ada hiyo nayo haiendi kwa yule uliyemsikiliza. Katika majukwaa makubwa kama Spotify, ambayo ilifunguliwa rasmi Kenya Februari 2021, makusanyo hutiwa katika chungu kimoja. Jukwaa huchukua fungu lake, na kinachobaki hugawiwa wenye haki kwa kadiri nyimbo zao zilivyosikilizwa miongoni mwa nyimbo zote. Kwa hiyo, mama akilipa ada yake na mwezi mzima asisikilize mwingine ila binti wa Siongiroi, sehemu kubwa ya ada hiyo itawafikia nyota wa Lagos, London na Marekani ambao hata majina yao hayajui. Wengi hawaamini jambo hili wanapolisikia mara ya kwanza.

Siongiroi wanafahamika kwa maziwa. Wana kituo chao cha kupozea maziwa ambacho wafugaji wenyewe ni wenye hisa, na mfano wa maziwa ndio utakaotufaa hapa. Mfugaji hupeleka debe lake asubuhi, hupimiwa, na maziwa yake huchanganywa na ya wenziwe. Naye hana kinyongo, kwa kuwa lita zake zimeandikwa na bei ya lita anaijua. Mwimbaji wa mtandaoni naye huchanganyiwa, ila bei ya lita yake haijulikani mpaka chungu kigawiwe, na hubadilika kila mwezi, na kwa msikilizaji wa Kenya huwa ndogo kuliko kwa msikilizaji wa Ulaya kwa sababu ada na matangazo ya huku ni ya bei ya chini. Zaidi ya hayo, tangu mwaka 2024 Spotify hailipi chochote kwa rekodi ya wimbo ambao haukusikilizwa angalau mara 1,000 katika miezi 12 iliyotangulia. Ni kama kituo cha maziwa kingetangaza kuwa mwenye ng'ombe mmoja ataleta maziwa na yatapokewa, lakini malipo ni ya wenye ng'ombe wengi. Sisi tunaona kuwa hilo si haki, japo jukwaa lina hoja zake za gharama na za wadanganyifu.

Tukadirie kwa vidole. Kiwango kinachotajwa mara nyingi ni dola 3 hadi 5 kwa kila mara 1,000 wimbo unaposikilizwa. Tuchukue dola 4, nayo ni kama shilingi 520 za Kenya. Ikiwa binti alikopa shilingi 10,000 za studio, atahitaji kusikilizwa kama mara 20,000 ili arudishe mkopo, na hapo hatujamtoa wakala anayempelekea nyimbo kwenye jukwaa. Wimbo unaopigwa matatuni kutoka kwenye flashi hauingii katika hesabu hiyo hata mara moja. Wala hauingii ule tunaotumiana WhatsApp kama faili. Tunapeleka kwa mapenzi, shangazi kwa mpwa na mpwa kwa kundi la familia, na kila tunapopeleka tunamfuta mwimbaji kidogo.

Nchi ile ya chai ina kisa cha zamani ambacho kila tukikikumbuka kinatutia uzito. Mwaka 1950 Hugh Tracey, Mwingereza aliyezunguka Afrika akinasa muziki, alifika Kapkatet. Wasichana wa Kikipsigis wakamwimbia wimbo uitwao Chemirocha, wakifuatwa na chepkong', ala ya nyuzi iliyo jamaa ya nyatiti ya Waluo. Jina hilo lilitokana na Jimmie Rodgers, mwimbaji wa Marekani aliyefariki mwaka 1933, ambaye sahani zake za santuri zilikuwa zimefika huko. Sauti yake ikawashangaza wasikilizaji, wakamfanya kiumbe nusu mtu nusu mnyama wa porini. Kiongozi wa waimbaji hao aliandikwa kwa jina la Chemutoi Ketienya. Wimbo ukatolewa kwenye sahani, ukahifadhiwa katika maktaba ya muziki wa Afrika aliyoianzisha Tracey mwaka 1954, ambayo leo imo katika Chuo Kikuu cha Rhodes, Afrika Kusini, na ukapendwa na watu wa mabara mengine ambao hawakuweza kuionyesha Kapkatet kwenye ramani. Nakala zilirejeshwa kijijini mwaka 2015 kwa juhudi za maktaba hiyo pamoja na watu wa Ketebul Music wa Nairobi. Miaka 65! Wakakutwa wazee wanaoikumbuka siku ile ya kinasa sauti.

Hatumshutumu Tracey, pasipo yeye sauti zile zingepotea, na leo tusingekuwa na la kusimulia. Tunachosema ni kwamba sauti ilisafiri dunia nzima na wenye sauti wakabaki pale pale. Binti wa barua yetu yumo katika hali hiyo hiyo, tofauti ni kwamba yeye ana simu.

Baina ya zama hizo mbili palikuwa na wakati ambapo kazi ya muziki ilikuwa na duka lenye mlango. Kericho mjini palikuwa na Chandarana, aliyetoa sahani za bendi za Waluo, Wakisii na Wakipsigis. Mombasa tulikuwa na Assanand na chapa yake ya Mzuri, ambayo wazee wetu walinunua kwayo taarabu. Nyuma zaidi, mwaka 1928, Siti binti Saad alivuka bahari mpaka Bombay kurekodiwa. Hatudai kuwa wenye maduka walikuwa malaika. Lakini mwimbaji aliyeona hakutendewa sawa aliweza kusimama mlangoni akadai. Leo mlango uko wapi? Anayeandikia jukwaa malalamiko hujibiwa na mashine.

Sasa tujibu sehemu ya pili ya swali, maana hiyo ndiyo iliyo mikononi mwetu.

Hapa Kenya njia iliyo karibu na mtu wa kawaida ni mlio wa Skiza, ule anaousikia anayekupigia. Sheria ya hakimiliki iliyorekebishwa mwaka 2022 iliweka kuwa mwenye wimbo apate asilimia 52 ya mapato ya milio hiyo, kampuni ya simu asilimia 39.5, na wakala wa kati asilimia 8.5. Katika kila shilingi 10, basi, shilingi 5 na senti 20 ni za mwenye wimbo. Linganisha na hesabu ya chungu hapo juu. Dada yetu amwulize binti kama wimbo wake umesajiliwa huko, na kwa jina la nani, kwa maana tumesikia ya wakala aliyesajili kazi ya mtu kwa jina lake mwenyewe. Usajili katika Bodi ya Hakimiliki ya Kenya ufanywe mapema, kabla wimbo haujawa mkubwa. Ukishakuwa mkubwa, wenyewe huwa wengi.

Walio ng'ambo, na tunajua nakala za jarida hili husomwa Muscat na Dubai, wana Bandcamp, ambako msikilizaji hununua wimbo wenyewe na jukwaa huchukua kama asilimia 15 ya mauzo ya nyimbo. Kwa wasikilizaji wa Siongiroi njia hiyo haina maana kubwa, kwa kuwa inataka kadi ya benki au PayPal. Lakini mtoto wa Bomet aliyeko Minnesota akinunua nakala moja humfaa binti kuliko majirani mia wanaosikiliza bure.

Kisha ipo tuzo yenyewe. M-Pesa tunayo tangu 2007. Twaitumia kuchangia harusi, matanga na karo. Kwa nini mwimbaji asiandike namba yake ya malipo chini ya wimbo, nasi tukamtuza shilingi 50 palepale unapotugusa? Wapo watakaosema huko ni kuomba. Hatukubali. Mama aliyeinuka ukumbini hakuona kuwa anatoa sadaka, na mwimbaji hakuinamisha kichwa. Ulikuwa ujira uliotolewa kwa heshima, na sisi Waislamu tumeusiwa sana kutocheleweshea mtu ujira wake.

Kwa watoto, tuwafundishe kutuma kiungo cha wimbo badala ya faili, na kutaja jina la mwimbaji. Kwenye harusi zetu, tukimwita msoma kaswida au kikundi cha kina mama wa vugo, bei ikubaliwe kabla ya siku na ilipwe siku ile ile, isigeuzwe kuwa sahani ya pilau na ahadi. Na anayetaka kurekodi shughuli na kuiweka YouTube awaombe ruhusa waliosoma na walioimba, maana ikija kuingiza fedha, wao ndio kazi yenyewe.

Dada yetu ameongeza swali dogo mwishoni mwa barua. Wasichana wanne wa shule yake waliitikia katika wimbo ule, na binti hajui awape nini iwapo fedha zitakuja. Ushauri wetu ni kwamba wakae sasa, wakati hakuna senti ya kugombania, waandike kwenye karatasi fungu la kila mmoja, wazazi wao watie sahihi, na mwalimu abaki na nakala.