Mgonjwa wa Kiharusi Arudishiwe Mwiko Wake

Katika nyumba nyingi za Kariakoo, Gerezani na Ilala, mama aliyepigwa na kiharusi akirejeshwa nyumbani kutoka hospitali hupokewa kwa heshima kubwa. Hutandikiwa mahali penye hewa, hulishwa, huogeshwa na kuvishwa, na mara anapojaribu kunyanyuka kuelekea jikoni, mabinti na wakaza wana humzuia: "Pumzika, mama, sisi tupo." Hakuna awezaye kuutilia shaka upendo huo. Hata hivyo, upendo wa namna hiyo ukiendelea kwa miezi humzidishia mgonjwa ulemavu, na inafaa jambo hili lisemwe waziwazi katika shule zetu.

Kiharusi hutokea pale mshipa wa damu wa ubongo unapozibwa na bonge la damu, au unapopasuka. Sehemu iliyokosa damu hufa katika muda mfupi. Kwa kuwa nyuzi nyingi za neva hupishana zikishuka kutoka ubongoni, dhara la upande wa kushoto hulemaza mkono na mguu wa kulia, na mara nyingi huharibu usemi pia. Seli zilizokufa hazifufuki. Ila zile zilizosalia huweza kurithi sehemu ya kazi za marehemu hao, na njia kuu ya kuzifundisha ni kurudiarudia tendo lenyewe. Anayetaka mkono wake ushike tena upawa, sharti auzoeze kushika upawa. Kuminya mpira kitandani hakutoshi.

Mwanasaikolojia wa Marekani, Edward Taub, aliona katika majaribio yake kwamba kima aliyekatwa neva za hisia za mkono mmoja huacha kabisa kuutumia, ingawa bado anaweza. Mkono mzima ulipofungwa, ule uliotelekezwa ulianza tena kufanya kazi. Wazo hilo lilijaribiwa kwa binadamu, na matokeo ya jaribio moja kubwa la huko Marekani yalitangazwa mwaka 2006. Wagonjwa 222, waliokuwa na miezi 3 hadi 9 tangu wapigwe na kiharusi, walishiriki. Baadhi yao walivikwa glavu kwenye mkono mzima kwa wiki mbili, sehemu kubwa ya saa za kuwa macho, huku wakiuzoeza ule dhaifu kwa bidii. Walipata nafuu kubwa kuliko wenzao waliopewa huduma za kawaida, na nafuu hiyo ilikuwa bado ipo baada ya mwaka mmoja. Walioteuliwa walikuwa wale ambao vidole na kifundo cha mkono viliweza kujongea japo kidogo. Mkono uliokufa ganzi kabisa ni habari nyingine. Lakini funzo kwa jamaa za mgonjwa ni zito. Kila siku anayofanyiwa kila kitu, ubongo wake hujifunza kuusahau mkono.

Jambo hili lahusu Dar es Salaam kuliko wengi wanavyodhani. Utafiti uliofanywa kati ya mwaka 2003 na 2006 katika sehemu za jiji hili na katika wilaya ya Hai, mkoani Kilimanjaro, ulikuta kwamba, baada ya kusawazisha tofauti za umri, kiharusi kipya hutokea kwa watu wapatao 316 katika kila 100,000 kwa mwaka jijini, na 109 huko Hai. Utafiti mwingine wa 2008 ulionyesha jambo la kushangaza: watu wa mjini ndio waliokihusisha kiharusi na mashetani na uchawi zaidi ya wenzao wa kijijini. Basi wale wanaodhani ya kuwa lami na taa za umeme huleta fikra za kisayansi zenyewe, wafikiri upya.

Kazi za jikoni zina ngazi zake. Kukuna nazi ni kazi ngumu mno kwa mwanzo: mtu hukaa juu ya mbuzi, hujizuia asianguke, hushika kifuu kwa mikono miwili na kukizungusha penye meno makali. Kuchambua mchele katika sinia ni kwepesi zaidi, tena huzoeza vidole na macho. Kuchambua mchicha, kukunja kanga, kupanga vikombe, yote yaweza kufanywa kwa kukaa. Mkono dhaifu hata usipoweza kukata, uachiwe kazi ya kulishikilia beseni, na chini ya beseni litandikwe kitambaa kibichi lisiteleze. Jiko la mkaa lije mwisho. Mara nyingi kiharusi huondoa hisia za ngozi, na mtu aweza kuungua asijue. Wengine hupoteza habari ya upande mmoja wa dunia, kwa kawaida wa kushoto, hata wakala nusu ya sahani na kudai chakula kimekwisha. Huo si ukaidi wala wazimu. Uchovu nao ni wa kweli, na dawa za shinikizo la damu zisikatizwe hata siku moja kwa sababu mgonjwa ameanza kufagia.

Je, familia yatosha? Jaribio lililofanywa India kwa wagonjwa 1,250, na kutangazwa mwaka 2017, lilikuta kwamba kuwafunza jamaa ili waongoze mazoezi nyumbani hakukuleta nafuu zaidi ya huduma za kawaida. Kwa hiyo ni kosa kuitwisha familia mzigo wote na kuuita ukombozi. Wataalamu wa tiba ya viungo na wa tiba kwa vitendo wanatakiwa kuandaliwa kwa wingi, nao waifikie nyumba yenyewe. Mtaalamu asiyeijua nyumba ya Kariakoo, yenye ukumbi katikati na jiko huko uani, au ghorofa la siku hizi ambalo ngazi zake humfanya mgonjwa mfungwa wa orofa ya nne, atatoa ushauri usiotekelezeka.

Wanaume nao wasisahauliwe. Muuza duka wa Mtaa wa Kongo aliyepooza huketishwa barazani kwa kuwa hakuwa na kazi za nyumbani za kurudishiwa, na aibu humzuia kuomba kisu na vitunguu. Hapo mila humnyima dawa iliyo bure.

Mwanafunzi wa sekondari anaweza kuanza jioni ya leo. Aketi mbele ya bibi yake, ausogeze ungo upande ule dhaifu, kisha angoje, hata kama kibaba kimoja cha mchele kitachukua nusu saa.