Pikipiki ya mkononi: Herufi za namba haziisemi injini

KATIKA vijiwe vya bodaboda na gereji za Dar es Salaam, bei ya pikipiki iliyokwisha kutumika huanza kutajwa kabla injini haijawashwa. Dalali huzitazama herufi zilizo mwishoni mwa namba ya usajili, zile zinazofuata tarakimu baada ya MC, na kwa herufi hizo hukadiria umri wa chombo na fedha ya kudai. Namba ikiwa ya karibuni, bei hupanda. Ikiwa ya zamani, mnunuzi huanza kuvuta midomo hata kama chombo chenyewe kinang'aa.

Kipimo hicho kina ukweli kiasi, kwa kuwa pikipiki nyingi nchini husajiliwa zikiwa mpya. Hata hivyo, herufi hueleza siku chombo kilipoingia barabarani, wala hazielezi kimefanya kazi gani tangu hapo. Bodaboda inayokwenda kilometa 100 kwa siku, siku sita za juma, humaliza kilometa 31,200 kwa mwaka mmoja. Pikipiki ya karani anayetoka nyumbani kwenda ofisini na kurudi, kilometa 20 kwa siku, siku tano za juma, humaliza 5,200 tu, na itahitaji miaka sita kuufikia mwendo huo. Sokoni, ile ya mwaka mmoja ndiyo inayouzwa ghali.

Suala hili si dogo kwa vijana wa mijini. Tangu kanuni za mwaka 2010 zilipoziruhusu rasmi pikipiki kubeba abiria kwa leseni, chombo hicho kimekuwa mtaji wa kwanza kwa wengi wasio na ajira. Anayeshindwa bei ya pikipiki mpya huenda kwa ya mkononi, mara nyingi kwa akiba ya miaka au fedha za kukopa kwa ndugu. Injini ikifa mwezi wa pili, mkopo hubaki na kipato hukatika.

Ni kawaida mnunuzi kukimbilia kusoma kilometa kwenye spidomita. Kwa pikipiki za biashara, usomaji huo hauna thamani kubwa, kwa sababu waya wa spidomita ukikatika au ukichomolewa gurudumu la mbele, hesabu husimama na chombo huendelea kutembea. Ushahidi bora umo katika vitu ambavyo muuzaji hakumbuki kuvibadilisha: mpira wa kukanyagia, pedali ya breki, mipira ya usukani na tundu la ufunguo. Spidomita inayosema kilometa 9,000 huku pedali imelika hadi kung'aa inamsema vibaya mwenye nayo. Tairi nazo huzungumza. Ubavuni mwake mna tarakimu nne, mbili za wiki na mbili za mwaka wa kutengenezwa, kwa mfano 2219 kwa wiki ya 22 ya mwaka 2019. Pikipiki inayodaiwa kutembea kidogo, lakini yenye tairi changa kuliko usajili wake, imekwisha kula tairi za kwanza.

Injini ndiyo kiini cha jambo, na hukaguliwa ikiwa baridi. Mafundi wenye uzoefu huweka kiganja karibu na silinda kabla ya kupiga kiki. Ikiwa tayari ina joto, kuna aliyeiwasha mapema, na sababu haiwezi kuwa ukarimu. Injini yenye afya huwaka kwa kiki chache, kisha hutulia. Moshi mweupe hafifu unaopotea baada ya muda mfupi ni unyevu wa asubuhi tu. Moshi mweusi ni mafuta kuzidi hewa, tatizo ambalo mara nyingi humalizika kwa kusafisha au kurekebisha kabureta. Wa kuogopwa ni wa buluu, kwani maana yake oili inaungua ndani ya silinda, ama kwa ringi na pistoni zilizolika, ama kwa sili za valvu zilizochoka. Hapo gharama si ya siku moja.

Oili yenyewe haina budi kutazamwa. Weusi si kosa, kwani oili iliyofanya kazi huwa nyeusi. Ikiwa na rangi ya chai ya maziwa, maji yameingia, jambo lisilo geni katika jiji ambalo mvua za masika hugeuza barabara kuwa mito. Ikiwa na chembe za chuma zinazometa, kuna kitu kinasagika. Muuzaji anayejigamba kwamba injini "haijafunguliwa" naye apewe nafasi ya kuthibitisha: vichwa vya bolti vilivyoparuzwa na gundi mpya inayochungulia kwenye maungio husema vingine.

Barabarani, klachi hujulikana katika gia ya juu: mlio ukipanda bila mwendo kuongezeka, sahani zake zimekwisha. Cheni na sproketi zenye meno yaliyochongoka hubadilishwa bila tabu, na ni hoja nzuri ya kupunguziwa bei. Taa na honi ni mambo ya nusu saa kwa fundi.

Fremu ni habari nyingine. Pikipiki iliyogonga huweza kupakwa rangi hadi ikapendeza kuliko ndugu zake, lakini kovu la kuchomelea karibu na shingo ya usukani halifichiki kwa anayeinama kutazama. Usukani unaokwama kidogo katikati unapozungushwa taratibu, au chombo kinachovuta upande mmoja kwenye lami iliyonyooka, ni sababu ya kutosha ya kuondoka na fedha yako mfukoni.

Kuna ubovu usioonekana kwa fundi yeyote, nao umo katika karatasi. Namba ya chesesi na ya injini hazina budi kulingana na za kwenye kadi, na jina la kwenye kadi liwe la anayeuza. Biashara ya bodaboda huendeshwa kwa kiasi kikubwa kwa mikataba, ambamo dereva hupeleka hesabu kwa tajiri hadi muda utimie ndipo chombo kiwe chake. Kabla ya hapo anachouza si mali yake. Kadi ikiwa ni nakala, na asili "ipo kwa ndugu", inawezekana ipo kwa mkopeshaji kama dhamana.

Aidha, faini za barabarani huandikwa kwa namba ya chombo. Bajeti ya mwaka 2021 ilishusha faini ya pikipiki kutoka Sh 30,000 hadi Sh 10,000 kwa kosa, lakini kumi zilizolimbikizwa bado ni Sh 100,000. Mfumo wa Polisi wa kuangalia madeni hayo hufunguka hata kwa simu, kwa kuingiza namba ya usajili tu.

Wengi hulipa, wakaandikishiana mbele ya mashahidi, kisha wakaahirisha kuhamisha umiliki Mamlaka ya Mapato Tanzania (TRA) ili kuokoa gharama. Kwa muda wote huo chombo kinasomeka kuwa cha mwingine. Siku kitakapokamatwa katika tukio, au mwenye jina akifariki dunia na warithi wakaanza kuhesabu mali, karatasi ya mashahidi ndiyo itakayobeba mzigo wote.

Bei ya kumlipa fundi asiyejuana na muuzaji ili akague kwa saa moja ni ndogo mno mbele ya fedha inayotolewa. Muuzaji akikataa chombo kupelekwa kwa fundi huyo, mazungumzo ya bei hayana haja ya kuendelea.