Mchango wa Shule ya Zamani

Karani wa parokia hana kazi ya vitabu vya ubatizo na ndoa tu. Watu humletea na barua zao, wengine awasomee, wengine awaandikie majibu. Juzi alikuja mzee mmoja na barua iliyopigwa chapa vizuri, yenye muhuri. Ilitoka kwa kamati ya wanafunzi wa zamani wa shule ya msingi aliyosoma yeye, wakati ilipokuwa bado ya misioni. Wanataka kuijenga upya, na kila aliyesoma pale aombwa shilingi 50,000.

Mzee akaketi, akaifuta miwani yake, akaniuliza, “Mwanangu, shule hiyo sasa ni ya nani?”

Usicheke, msomaji. Swali lile ni kubwa kuliko barua yenyewe. Baba zetu walibeba mawe ya shule zile kichwani, na mama zetu walichota maji ya kukandia udongo. Kisha ikaja Sheria ya Elimu ya 1969, serikali ikazitwaa shule za misioni ziwe za watoto wote pasipo kutazama dini. Tangu hapo wako wazee wasemao, “Waliochukua na watengeneze.” Uchungu wao naufahamu, lakini sikubaliani nao. Mtoto anyeshewaye darasani leo hakuchukua kitu cha mtu. Tena mara nyingi ni mjukuu wa mzee yuleyule aliyenuna.

Wala si kweli kwamba serikali haijengi. Jumamosi tarehe 10 Septemba 2016 tetemeko la ardhi la kipimo cha 5.9 liliipiga Kagera. Shule ya sekondari ya Ihungo, kazi ya wamisionari wa zamani karibu na mji wa Bukoba, ikaharibika hata ikafungwa, na Nyakato vilevile. Wanafunzi wakapelekwa shule nyingine. Baadaye Ihungo ikajengwa upya, na Uingereza ikasaidia kwa fedha. Lakini shule ya mzee wangu haikupigwa na tetemeko. Imepigwa na mvua, na mchwa, na miaka. Hakuna gazeti litakaloandika kwamba mchwa wamekula kenchi za darasa la tatu. Shule ya namna hiyo hungoja zamu yake, na zamu ni ndefu. Ndiyo maana waliosoma pale hawana budi kuanza wao.

Basi nikamwambia mzee, “Baba, toa.” Lakini nilipoisoma barua mara ya pili nilikuna kichwa. Kazi ya kwanza katika orodha yao ilikuwa lango kubwa la chuma, na kando yake jiwe la kuchorwa majina ya waliotoa. Ya pili, ukumbi. Vyoo vilikuwa mstari wa mwisho kabisa, “fedha zikibaki”.

Ewe uliyesoma shule ya kijijini, wajua kwamba fedha hazibaki kamwe! Kipimo cha serikali ni tundu moja la choo kwa wasichana 20, na moja kwa wavulana 25. Shule yenye wasichana 200 yatakiwa kuwa na matundu 10 kwa ajili yao peke yao. Nenda katika shule yako ukahesabu mwenyewe, halafu utazame kama milango ipo. Msichana aliyekwisha kuvunja ungo, akikosa choo chenye mlango na maji, hukaa nyumbani siku zake za mwezi, na masomo hayamngoji. Lango lasubiri. Yeye hawezi.

Jambo jingine katika barua lilinitia mashaka zaidi: fedha zitumwe kwa namba ya simu ya mtu mmoja. Simsingizii mtu yule wizi. Pengine ni mwaminifu kuliko mimi. Lakini mtu mwaminifu naye huuguliwa na mtoto, hudaiwa, hufa, na simu yake hubaki na fedha za watu ndani. Katika msiba uleule wa Kagera ilionekana akaunti ya pili ya benki, jina lake likifanana na la ile ya maafa, na Rais akawaondoa kazini wakubwa wawili wa serikali kwa ajili ya habari hiyo. Ikiwa mambo hayo yatokea mbele ya macho ya nchi nzima, je, kijijini? Fedha na ziende katika akaunti ya shule, kila mtoaji apewe risiti, na hesabu ibandikwe ubaoni, simenti mifuko mingapi, bati ngapi, fundi kalipwa nini.

Tena wasianze kila kitu kwa pamoja. Mahali pamoja, sitapataja, niliona wanafunzi wa zamani wakihesabu ahadi kama fedha. Wakapandisha boma la vyumba vitatu kwa mara moja. Kufika kwenye lenta mfuko mtupu. Matofali yalijengwa kwa udongo, juu hapakuwa na bati, maji yakaingia ukutani kutoka juu. Masika ya tatu ukuta wa kaskazini ukalala chini. Hata mhandisi wa halmashauri hakuwa ameitwa kuutazama msingi, basi nani atakubali kumalizia kazi asiyoijua? Chumba kimoja chenye paa huwaweka watoto 45. Maboma matatu huwaweka mbuzi.

Nanyi wazazi mlio na watoto shuleni leo, mjue kwamba tangu Januari 2016 michango ya lazima imeondolewa katika shule za msingi za serikali. Mchango wa hiari wapokelewa, lakini mtoto asirudishwe nyumbani kwa sababu baba yake hakutoa. Mkiona hivyo, nendeni kwa mwalimu mkuu na kamati ya shule, mkaseme kwa upole, lakini mseme.

Tukaandika jibu, mzee na mimi. Atatoa shilingi 20,000, maana 50,000 hana, na siku mbili za mkokoteni wake wa ng’ombe kwa kusomba mchanga. Aomba vyoo vitangulie. Aomba risiti. Nilitaka kuliacha neno la risiti lisije likawaudhi wakubwa wale, yeye akakataa, akasema hiyo ndiyo hesabu aliyofundishwa katika shule ileile. Akatia sahihi yake mwenyewe, kwa mwandiko ule wa zamani, herufi zote zikiinamia upande mmoja. Barua ilipelekwa Jumatatu. Jibu bado.