Bunduki chini ya kitanda: inalinda nyumba ao inaita babandi?

Kolwezi, Likasi, Lubumbashi, kila mara babandi wanapopita mu kartie usiku, swali linarudi: baba wa nyumba anunue bunduki? Batu banasema polisi inafika paka asubui, wakati mambo imekwisha. Hatuchekei swali hili. Mchimbaji aliyeuza kobalti yake jioni analala na dola ndani ya nyumba kwa sababu banki iko mbali. Ana haki ya kuogopa.

Tuanze na sheria, maana wengi wanaichanganya. Ordonansi-sheria namba 85-035 ya tarehe 3 Septemba 1985 inamkubalia raia silaha akiwa na ruhusa ya serikali. Kwetu mara nyingi ni kalibre 12 ya kuwinda. Kalashi ni jambo ingine kabisa. Ni silaha ya vita, na raia anayekamatwa nayo anapelekwa kwa oditora wa jeshi, hata kama hajavaa uniforme maisha yake yote. Na ile wanayokuuzia kwa siri, mara nyingi njo hiyo kalashi. Hujui ilitoka mikononi mwa nani, wala iliua nani. Siku wanaikuta kwako, ni wewe utakayejibu.

Sasa tuchukue usiku wenyewe. Babandi wanakuja kikundi, na kalashi inabeba risasi 30 kwa mara moja. Kalibre 12 yako ina moja ao mbili, unatoka usingizini, mama na watoto wako katikati yenu. Risasi ya kalashi inapita mlango wa bati na mtu aliye nyuma yake. Tena kuna wanaokuja na uniforme. Gizani, utajuaje kama huyu ni mwizi ao ni askari wa patruye? Ukimpiga na kukuta ni askari, hapo hakuna atakayeuliza kama uliogopa.

Siku ingine inasaidia, tuseme ukweli. Mlio mmoja hewani, na kijana anayevunja dirisha anakimbia. Lakini huyo anakimbia filimbi na sufuria za majirani pia.

Na usiku wa babandi ni mmoja, pengine haufiki kamwe. Siku 364 zinazobaki, bunduki inalala na nani? Na mtoto anayetafuta kitu chini ya kitanda. Na baba aliyerudi na lutuku kichwani, akigombana na mwenzake juu ya shimo. Kule Marekani, mwaka 1993, daktari Arthur Kellermann na wenzake waliandika ndani ya New England Journal of Medicine kwamba nyumba yenye bunduki, hatari ya mtu kuuawa humo ni karibu mara 2,7 kuliko nyumba isiyo nayo. Wengine walibishana na hesabu ile, na Marekani si Kolwezi. Lakini pombe na hasira tunazo.

Wazee wa Katanga wanakumbuka PAREC ya pasta Daniel Ngoy Mulunda: kisha vita, mtu analeta bunduki, anapewa kinga. Kulikuwa na waliocheka. Ila kinga inabeba makala na mihogo hadi soko.

Sisi tunaona kama babandi wanafuata makuta, basi tuanzie kwa makuta. Negosian akikubali kulipa kwa M-Pesa, Airtel Money ao Orange Money, chukua hivyo, hata kama wanakata kidogo. Siku ya likelemba isitangazwe kwa nganda. Na mwenye kalibre 12 yake na karatasi zake, afunge bunduki huku, risasi kule, kila moja na ufunguo wake. Mama wa nyumba naye ajue kama iko. Tunajua nyumba ambamo hajui.