Andazi Dogo, Habari Kubwa

Sisi watu wa pwani tukifika ugenini huuliza kwanza msikiti uko wapi, kisha mahamri yanapikwa wapi. Basi kila nifikapo Nairobi huanzia Majengo, Pumwani, mtaa wa tangu miaka ya 1920, ambako bado utapata mahamri ya tui na iliki yaliyofura vizuri. Kutoka hapo hushika njia ya Kaloleni hadi Jericho. Huko ni mandazi ya maji na sukari, lakini yakiwa moto hayana ubaya.

Safari hii jambo moja lilinishughulisha. Bei ni ileile, ila andazi limenywea. Nilipomuuliza mama mpishi alinijibu: "Mzee, nikiongeza bei mtoto wa shule hanunui. Nikipunguza unga, atanuna lakini atakula."

Kosa si lake. Kenya huagiza ngano yake nyingi kutoka nje, na vita vya Ukraine vya mwaka 2022 vilipandisha bei ya unga na mafuta ya kupikia kwa pamoja. Mwaka 2024 Mswada wa Fedha ulitaka mkate utozwe kodi ya asilimia 16. Wananchi walipiga kelele, pendekezo likaondolewa mwezi Juni.

Naam, mkate ulipata watetezi. Andazi la Jericho halina mtetezi ila mama huyo, naye faida yake ni senti. Ndugu msomaji, ukitaka kujua hali ya uchumi usingoje hotuba ya bajeti. Nunua andazi, ulipime kiganjani.