Kabla hujaacha somo, gonga mlango kwanza

Kila Waswahili tunaosoma huku Marekani tukikaa pamoja, utamsikia mmoja kabanwa na kemia, anataka kuliacha somo katikati ya semista. Na ushauri wa kijiweni ni ule ule: "Acha tu, ila usiende ile ofisi ya wanafunzi wa kigeni, wale wanapeleka habari zetu serikalini." Jamani, mi napinga. Ushauri huo unaweza kumrudisha mtu nyumbani bila digrii.

Kwanza tuelewane. Viza iliyobandikwa kwenye pasipoti ni ya kuingilia nchini. Inaweza kuisha muda ukiwa hapa na usiwe na kosa lolote. Kinachokuweka hapa ni hadhi yako ya F-1, na hiyo unailinda kila semista. Kwa sisi wa digrii ya kwanza ni krediti 12 angalau, na katika hizo somo la mtandaoni linahesabiwa moja tu. Ukihama chumba, una siku 10 za kutoa taarifa.

Sasa piga hesabu. Una krediti 12, unaacha somo la krediti 3, unabaki na 9. Ukipita ofisini kabla, mshauri anaweza kukuruhusu kupunguza masomo kwa sababu zinazokubalika: ugonjwa wenye barua ya daktari, au mwanzoni Kiingereza cha darasani kinakusumbua. Hiyo ya shida za masomo unapewa mara moja tu kwa kila ngazi ya digrii, na lazima ubaki na krediti 6. Ukiacha kwanza halafu ndio uende, umeshavunja sharti. Somo ni lile lile, kilichokuponza ni siku uliyogonga mlango.

Na kweli wanaripoti, hawafichi. Mfumo wa SEVIS upo tangu 2003 na chuo kinalazimika kuujaza. Lakini ukinyamaza, kompyuta ya chuo itaonyesha zile 9 vile vile. Sasa umejificha wapi?

Ila kwenye kubeba boksi nawaelewa mnaoogopa. Tunachoruhusiwa ni kazi za chuoni, mwisho saa 20 kwa wiki masomo yakiendelea. Ukifanya kazi ya nje bila kibali, hata ombi la kurudishiwa hadhi linakwama hapo. Kama limeshatokea, mtafute wakili wa uhamiaji kwanza. Mshauri ni mwajiriwa wa chuo, hata awe mpole vipi si wakili wako. Vyuo vingine vina kliniki ya sheria, ulizia kabla hujatoa hela.

Kuna atakayesema, mbona Aprili 2025 maelfu walifutiwa rekodi za SEVIS, wengine kwa makosa madogo ya barabarani? Ni kweli, na iliniuma. Lakini wengi walikimbilia mahakamani, na mwezi huo huo serikali ikasema inazirudisha. Siku kama hiyo ikikufika, utataka kusimama mbele ya jaji na makaratasi safi, sio na maneno ya kijiweni.

Kaka, dada, huyo anayekwambia "mbona mimi nilifanya na sikukamatwa" hatakuwepo siku unafungasha mabegi. Gonga mlango mapema.

Nawasilisha.