Nauli ya Sikukuu Itangazwe Mapema

Kila Idi inapokaribia, wazazi wengi wa Unguja hutamani kuwapeleka watoto Pemba wakawaone babu na bibi. Azma hiyo ni njema, lakini nauli ya watu sita, kwenda na kurudi, ni nzito kwa mshahara wa mwezi mmoja. Hapana budi idunduliziwe tangu Mfunguo Sita, kwa kibubu au kwa upatu.

Anayechelewa hukopa, au hupanda chombo chochote kilichobakia, hata kikiwa kimejaa. Maafa ya meli ya Spice Islander, iliyozama Septemba 10, 2011 ikielekea Pemba, hatujayasahau.

Hata hivyo, mzazi hawezi kupangia asilolijua. Twaziomba mamlaka zitangaze nauli na ratiba za sikukuu miezi mitatu kabla, kisha zizisimamie. Wananchi nao waanze sasa: haba na haba hujaza kibaba.